Nyumba Haiezekwi kwa Bati Peke Yake

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia juu ya tuzo ya waandishi wa Kiswahili. Tumeyaandika karibu na jinsi tulivyoyasema, ili karani wa kikundi aweze kuwasomea wale ambao hawakufika siku ile.)

Chai tumekunywa, kumbukumbu za mkutano uliopita zimesomwa, na mweka hazina amefunga sanduku lake. Basi sasa ni zamu yetu.

Mmezoea kutuona tukija na habari za mbuzi wa maziwa, za maji ya kunywa au za mbolea ya takataka. Leo tumekuja na habari ya namna nyingine. Tunataka kuzungumza juu ya tuzo wanayopewa waandishi wa Kiswahili, na hasa wale wanaoandika juu ya kwao. Tunajua wengine wenu mnajiuliza, hii inatuhusu nini sisi? Tulipokuwa tukiingia hapa, mama mmoja alituuliza bila kuficha: "Hiyo hadithi italeta unga?" Mama, swali lako ni la haki. Hatutalikimbia. Tutalijibu kabla hatujafunga mkutano.

Kwanza tuwakumbuke mama wa mabati

Mnajua wenyewe kwamba vikundi vya kujisaidia havikuanza jana. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1960 na 1970, akina mama wa sehemu nyingi za Kenya, na hasa Mkoa wa Kati wa wakati ule, walichoka kulala chini ya nyasi zinazovuja. Nyumba ya nyasi ina uzuri wake, jua likiwaka ndani kuna ubaridi. Lakini kila baada ya miaka inataka kuezekwa upya, na maji ya mvua yanayotoka juu yake hayafai kunywewa.

Akina mama wakaungana. Kila mmoja alileta senti zake alizopata kwa kulima kibarua, kuuza maharagwe au kusuka viondo. Senti zikitosha, nyumba ya mmoja inaezekwa, kisha ya pili, kisha ya tatu, mpaka yule wa mwisho. Vikundi hivyo vikajulikana kwa jina la vikundi vya mabati. Bati lilileta mambo mawili kwa mara moja: usingizi mkavu, na maji ya mvua yaliyoingia kwenye pipa pale pale mlangoni, mama akapumzika safari moja ya mtoni.

Lakini hebu tuulizane. Ni nani aliyeandika majina ya mama hao? Nani aliandika nyumba ya kwanza ilikuwa ya nani, na kwa nini walianza na yule na si yule? Nani aliandika nyimbo walizoimba siku bati la mwisho lilipopigwa misumari? Wasomi wachache waliandika habari zao, na wengi wao waliandika kwa Kiingereza. Kijijini penyewe mara nyingi kilichobaki ni bati lenye kutu, na bibi mmoja au wawili wanaokumbuka. Wazee husema, mali bila daftari huisha bila habari. Sisi tunaongeza kwamba habari nayo, isipokuwa na daftari, huisha vile vile.

Tuzo iliyotoka kwa watengeneza mabati

Sasa sikilizeni jambo la ajabu kidogo. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya vitabu vya Kiswahili, na pesa zake zilitoka kwa watu wa mabati! Walioianzisha ni wawili: Lizzy Attree, na Mukoma wa Ngugi, mwandishi ambaye wakati ule alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani. Waliotoa pesa ni chuo hicho pamoja na kampuni ya Mabati Rolling Mills ya hapa hapa Kenya, yenye kiwanda Mariakani. Kwa hiyo ikaitwa Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika. Baadaye jina la Mabati lilibadilishwa likawekwa la Safal, ambalo ni kundi la makampuni lenye kiwanda hicho na kingine cha ALAF huko Dar es Salaam.

Hatuko hapa kuuza bati la kampuni yoyote. Fundi wenu anajua zaidi yetu. Tunataja jambo hili kwa sababu lina funzo. Mtu anayetengeneza paa alikubali kwamba paa halitoshi. Chini ya paa kuna watu, na watu hao wana maneno.

Zawadi zote kwa jumla zilikuwa dola 15,000, na mshindi wa kwanza alipata dola 5,000. Kwa bei ya dola ya wakati ule hiyo ilikuwa kama nusu milioni ya shilingi zetu. Lakini kwetu sisi kuna jambo kubwa kuliko pesa. Tuzo hii ilipokea miswada ambayo haijachapwa bado. Maana yake, haikumtaka mtu awe tayari na jina kubwa na kitabu dukani. Mtu aliyeandika usiku kwa taa ya chemni, akapiga chapa kwa shida, aliweza kuipeleka kazi yake ikasomwa na majaji sawa na ya profesa. Na miswada iliyoshinda ilitafutiwa wachapishaji, kama vile East African Educational Publishers wa Nairobi na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam, ili isibaki kabatini.

Wale walioandika juu ya kwao

Tuangalie washindi wachache. Mwaka 2015, ambao ulikuwa wa kwanza wa tuzo hii, upande wa mashairi alishinda Mohammed Khelef Ghassany. Yeye ni mtu wa Pemba, na amefanya kazi ya utangazaji kule Ujerumani. Diwani yake inaitwa N'na Kwetu: Sauti ya Mgeni Ugenini. Mwaka 2017 zawadi ya mashairi ilikwenda kwa Dotto Rangimoto wa Tanzania, na diwani yake inaitwa Mwanangu Rudi Nyumbani.

Hebu yashikeni majina hayo mawili, moja mkono wa kulia na jingine mkono wa kushoto. La kwanza ni sauti ya mtu aliye mbali akisema, msinione hivi, mimi nina kwetu. La pili ni sauti ya aliyebaki nyumbani akiita, mwanangu, rudi. Si ndiyo simu tunazopigiana kila Jumapili jioni? Wangapi hapa wana mtoto Nairobi, Mombasa, au binti anayefanya kazi za nyumba kule Uarabuni? Inueni mikono. Mnaona? Zaidi ya nusu. Basi msiseme mashairi ni mambo ya watu wa shule. Hao washairi wameshika ncha mbili za kamba ambayo sisi wenyewe tumefungwa nayo.

Mwaka 2018 upande wa riwaya alishinda mwanamke, Zainab Alwi Baharoon wa Tanzania, kwa kitabu chake Mungu Hakopeshwi. Upande wa mashairi alishinda Mkenya mwenzetu, Jacob Ngumbau Julius, kwa diwani yake Moto wa Kifuu. Ni kweli kwamba washindi wengi wametoka Tanzania na visiwani. Hiyo si ajabu, kwa sababu wenzetu wamekitumia Kiswahili shuleni, kortini na ofisini kwa muda mrefu. Lakini Ngumbau ametuonyesha kwamba mlango haukufungwa kwa upande wetu.

Tena tusisahau yule Mzanzibari, Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948, akaondoka kwao angali kijana katika miaka ya 1960 akaenda Uingereza. Maisha yake yote ameandika juu ya watu walioacha kwao, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Yeye huandika kwa Kiingereza. Kitabu chake kiitwacho Paradise, kinachosimulia habari za pwani na bara yetu hii ya Afrika Mashariki, kilitoka mwaka 1994. Kwa Kiswahili kilitoka mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kikiwa kimetafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Hesabuni wenyewe. Kitabu juu ya pwani kilichukua miaka 28 kufika katika lugha ya pwani. Ndiyo maana tunasema habari ya kwetu ikiandikwa kwa lugha tunayoisema, hufika kwetu mapema.

Lugha gani basi?

Hapa kuna swali ambalo vijana hupenda kutuuliza. Wanasema, "Kiswahili si lugha ya nyanya yangu. Nyanya yangu anasema Kikamba," au Kiluhya, au Kimeru. "Nikiandika kwa Kiswahili, je, hapo nimeandika kwetu au nimeandika kwa jirani?"

Swali hilo ni la zamani. Mwezi wa Juni 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika chuo cha Makerere, Uganda. Ulikuwa mkutano wa wale wanaoandika kwa Kiingereza. Shaaban Robert wa Tanga, aliyekuwa amejaza makabati kwa vitabu vya Kiswahili, hakuwa na nafasi katika mkutano wa namna hiyo, na mwezi huo huo akafariki dunia. Fikirieni jambo hilo. Wageni walikaribishwa ndani ya nyumba, na mwenye nyumba hakupewa kiti.

Kijana mmoja aliyehudhuria mkutano ule alikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Wengi mnamjua. Alifariki mwezi wa Mei 2025, na yule Mukoma tuliyemtaja ni mwanawe. Miaka ya 1970 watu wa kijiji cha Kamĩrĩthũ huko Limuru walikuwa na kituo chao cha maendeleo, kikundi cha kujisaidia kama hiki chenu. Walikuwa wakulima, vibarua wa mashamba ya majani chai, wafanyakazi wa viwandani, na wengi walikuwa wakijifunza kusoma katika masomo ya ngumbaru. Walipojua kusoma wakauliza, sasa tusome nini? Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakaandika mchezo kwa Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, na wanakijiji wenyewe wakausahihisha: hapa mzee hasemi hivyo, hapa wimbo si huo. Wakajijengea jukwaa lisilo na paa kwa mikono yao. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi wa Oktoba 1977. Baada ya wiki chache serikali ya wakati ule ikausimamisha, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Tunawaambia habari hiyo ili mjue kwamba neno likisemwa kwa lugha ya nyumbani lina uzito. Hakuna mtu anayebomoa jukwaa la maneno matupu.

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana ni hili. Andika kwanza kwa lugha ambayo nyanya yako anakusimulia. Grace Ogot alifanya hivyo mwaka 1983 alipoandika Miaha kwa Kijaluo, na baadaye kitabu hicho kikatafsiriwa. Kisha kigeuze kwa Kiswahili ili jirani naye asome. Kiswahili hakikuja kuivunja nyumba ya lugha yako. Kitumie kama barabara ya kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Neno "kwetu" lina makali

Hapa tunaomba mtusikilize kwa utulivu. "Kwetu" ni neno tamu, lakini katika nchi yetu limewahi kutumiwa kama panga. Mwaka 1992, mwaka 1997, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu walifukuzwa mashambani kwa kuambiwa, "Hapa si kwenu." Katika fujo za 2007 na 2008 zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakakimbia nyumba zao. Miongoni mwenu wamo waliolala chini ya hema. Hatutaji majina.

Basi mtu akiandika juu ya kwao, ajiulize: je, katika hadithi yangu kuna nafasi ya jirani yangu? Nikiandika mti ule ulipandwa na babu yangu, je, nitaandika pia kwamba kisima kilichimbwa na babu ya yule mwingine? Mwandishi wa kweli haogopi kusema lililotokea. Lakini kusema lililotokea si sawa na kuchochea. Ukimsimulia aliyefukuzwa, simulia pia yule aliyemficha mwenzake chini ya uvungu. Wote wawili walikuwapo.

Kuna makali mengine, na haya yanawahusu akina mama. Muulize mwanamume, "Kwenu ni wapi?" Atajibu mara moja. Muulize mama, atanyamaza kidogo. Kwa wazazi aliambiwa, wewe utaolewa, hapa si kwako. Kwa mume anaambiwa, wewe umekuja. Akiwa mjane, siku ya arobaini haijafika shemeji wanapima shamba. Je, mama huyu kwao ni wapi? Kama hadithi za nyumbani zitaandikwa na wanaume peke yao, swali hilo halitaulizwa hata siku moja. Ndiyo sababu tunasema, karani akiwa kijana wa kiume, mama naye asimulie, na yale aliyosimulia asomewe tena kabla hayajaandikwa kwa wino.

Kazi ya kikundi

Maneno yametosha, sasa tuje kwenye kazi. Hatuwaambii kila mtu awe mwandishi wa riwaya. Hata katika kikundi cha mabati si kila mama alipanda juu ya paa. Wengine walishika ngazi, wengine walipika uji. Tunapendekeza hivi:

1. Nunueni daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Lisichanganywe na daftari la pesa. Liwe daftari la kikundi la habari za nyumbani.

2. Chagueni watu wawili, mmoja anayejua kuuliza na mmoja anayejua kuandika. Mara nyingi si mtu yule yule.

3. Kila mwezi mtembeleeni mzee mmoja au bibi mmoja. Msimuulize, "Tuambie historia ya kijiji." Atawaambia yale anayodhani mnataka. Muulizeni mambo madogo: nyumba yako ya kwanza ilikuwa na mlango upande gani? Mlikula nini mwaka wa njaa? Nani alikuwa wa kwanza kununua redio, na watu walikaa wapi kuisikiliza? Mambo madogo hufungua makubwa.

4. Mwenye simu inayorekodi sauti airekodi, lakini aombe ruhusa kwanza. Tena msiiache sauti kwenye simu. Simu huibiwa, simu huanguka kisimani. Andikeni kwenye daftari wiki hiyo hiyo.

5. Andikeni siku, mwezi na mwaka, na jina la aliyesimulia kama amekubali. Akikataa jina lake kutajwa, heshimuni. Mambo mengine ni ya boma, hayatoki nje.

6. Kila mkutano, baada ya mchango wa kuzungushana, msomeni ukurasa mmoja kwa sauti. Wenye kujua watasahihisha. Hivyo ndivyo watu wa Kamĩrĩthũ walivyofanya.

7. Akitokea kijana mwenye mkono wa kuandika, mpeni nafasi. Tuseme anataka kuandika riwaya ya maneno 50,000. Ukurasa wa daftari la kawaida huchukua kama maneno 200. Hiyo ni kurasa 250. Akiandika ukurasa mmoja kila siku, amemaliza katika miezi minane na siku chache, muda usiofika hata mwaka wa kulea ndama. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo la saba ndilo gumu zaidi, kwa sababu nyumbani kijana akikaa na kalamu huonekana mvivu. "Kuni hazijapasuliwa na yeye anaandika!" Tunawasihi wazazi, kama kuni zimepasuliwa na ng'ombe amekamuliwa, mwacheni aandike. Na wewe kijana, pasua kuni kwanza.

Haki na hadhari

Tuseme sasa kidogo juu ya sheria, maana anayelima bila kujua mpaka hulima cha mwenzake. Kwa sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001, aliyeandika kitabu ana haki juu ya kazi yake maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hulinda kile kilichoandikwa au kurekodiwa. Wazo lililo kichwani halina ulinzi huo. Tena kuna sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, kama vile hadithi, nyimbo na ujuzi wa dawa. Kwa hiyo akija mgeni na kinasa sauti akakusanya hadithi za wazee wenu, mna haki ya kumuuliza: unazipeleka wapi, zitatumiwaje, na kijiji kitapata nini? Swali hilo si ukosefu wa adabu.

Hadhari ya pili ni juu ya matapeli. Mahali palipo na tuzo, matapeli nao hufika. Mtu akikupigia simu akasema kitabu chako kimeshinda, tuma pesa za kushughulikia zawadi, funga simu. Mtu akitaka utie sahihi karatasi usiyoielewa, mwambie ngoja niisome na kikundi. Na kwa kila tuzo, hii ya Kiswahili au ile ya Jomo Kenyatta inayosimamiwa na chama cha wachapishaji wa Kenya, soma masharti ya mwaka huo huo, kwa sababu masharti hubadilika. Angalia ni aina gani za vitabu zinazotakiwa, urefu wake na siku ya mwisho. Mwalimu wa shule au mtu wa maktaba ya kaunti anaweza kukusaidia kuyapata.

Hadithi italeta unga?

Mama, hatujakusahau. Jibu letu ni la pande mbili.

Upande wa kwanza ni huu: kwa wengi hapana. Tuzo ni moja, waandishi ni wengi. Kati ya wale wanaopeleka miswada, wachache sana hupata. Hata akishinda mtu, pesa huisha kama mavuno yanavyoisha. Tungewadanganya kama tungesema uandishi ni mbuzi wa kukamuliwa asubuhi na jioni. Msiuze kuku wa kikundi kwa ajili ya tuzo. Daftari na kalamu, basi, hiyo yatosha kwa kuanzia.

Upande wa pili ni huu: unga wako unatoka wapi? Unatoka shambani. Shamba lina mpaka, na mpaka una habari. Mpaka ukibishaniwa mbele ya wazee au kortini, anayekumbuka tarehe na majina, tena ana daftari lililosainiwa na waliokuwapo, husikilizwa kuliko anayesema "nasikia". Mbegu nayo ina habari, yule bibi anayejua ni mtama gani ulistahimili ukame akiondoka bila kusimulia, ameondoka na gunia. Mkopo wa kikundi nao una habari. Wafadhili na serikali wakija huuliza, kikundi hiki kilianza lini, kimefanya nini? Mwenye habari iliyoandikwa hujibu.

Juu ya hayo kuna jambo lisilopimwa kwa debe. Watoto wetu walio mbali wanaulizwa kila siku, wewe ni nani, umetoka wapi? Mtoto aliyesoma habari za kwao anajibu. Asiyejua lolote hunyamaza, na anayenyamaza huambiwa yeye ni nani na watu wasiompenda. Akina mama wa mabati walikataa watoto wao wanyeshewe usiku. Sisi nasi tukatae watoto wetu wabaki bila la kusema. Hiyo ndiyo paa ya pili ya nyumba, na haiuzwi dukani. Inaezekwa kwa mchango, kila mtu na neno lake, zamu kwa zamu.

Mvua inakaribia na ng'ombe wanangoja. Kabla ya kuagana, karani aandike: ni mzee gani atatembelewa mwezi huu?

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Kikundi chetu kilianza mwaka gani, na ni nani walioketi katika mkutano wa kwanza? Kuna mahali majina yao yameandikwa?

2. Ni nani kati yetu anayejua habari ambazo akiondoka zitaondoka naye? Tumwendee lini?

3. Mama mjane katika kijiji chetu, kwao ni wapi? Tunasema nini, na tunatenda nini?

4. Je, tunaweza kusimulia mambo yaliyotugawanya bila kuyawasha upya? Tutawekeana kanuni gani?

5. Kuna kijana hapa anayependa kuandika? Kikundi kinaweza kumsaidia kwa jambo gani dogo mwaka huu?